Kalamu ya TDS imesoma 840 kwenye kijito chetu, muuza chujio anasema tunakunywa sumu. Wajuzi wa maji njooni

Mchicha wa Bondeni

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi.

Niko Lindi, upande wa Mingoyo. Nalima mchicha, nyanya na bamia kidogo kandokando ya kijito kinachoingia mto Lukuledi. Maji hayo namwagilia, na kaya kadhaa huyachota kwa kunywa na kupikia pale bomba linapogoma.

Juzi kapita kijana anauza machujio ya nyumbani. Alikuja na vidude viwili. Cha kwanza kalamu ya dijitali: akaichovya kwenye ndoo ya maji ya kijito ikaandika 840, akaichovya kwenye maji ya chupa ya dukani ikaandika 40. Cha pili kina vyuma vinne vinavyoning'inia, kinatumia umeme. Akatumbukiza kwenye glasi mbili. Ya kijito ikageuka rangi ya kutu, ikafura mapovu na ukoko mchafu juu. Ya chupa ikabaki vilevile. Kina mama wakashika vichwa. Akasema huo ndio uchafu tunaoumeza kila siku, ndio unaoleta mawe kwenye figo na presha, na dawa yake ni chujio lake la laki nne na nusu, kwa awamu anapokea.

Mwenyekiti wa kitongoji ameshaanza kuongelea michango. Mimi kalamu nilinunua, alikuwa nazo za ziada.

Naomba kujua: 840 ya nini? Ni sumu kweli? Na je, inahusiana na nyanya zangu? Za tuta la chini, karibu na mto, majani yanaungua kingo. Za juu ziko freshi.

Kuchele

Vyuma vinne, glasi mbili, kina mama wakashika vichwa. Jamaa huyo au pacha wake alipita Mtwara mjini pesa za korosho zilipoingia. Naweka kiti hapa nasubiri wajuzi.

Ticha wa Nachingwea

Mleta uzi, tuanze na vile vyuma, maana ndivyo vilivyowatisha watu.

Baadhi ya vyuma hivyo ni chuma cha kawaida kabisa. Umeme ukipita, chuma kinaliwa na kuingia majini, kinakutana na oksijeni, kinakuwa kutu. Kutu mliyoiona imetoka kwenye kifaa chake, haikuwa kwenye kijito. Maji ya chupa hayakubadilika kwa sababu yana chumvichumvi kidogo mno, umeme haupiti vya kutosha kula chuma. Akirudi mwombeni kwa heshima arudie onyesho, ila safari hii tieni nusu kijiko cha chumvi ya mezani kwenye glasi ya maji yake mwenyewe ya chupa. Yatageuka kahawia mbele ya kitongoji kizima. Na mkague vyuma vyake kama havijaanza kukonda.

Sasa 840. TDS ni jumla ya vitu vyote vilivyoyeyuka majini, kwa miligramu katika lita moja. Kwenye maji ya kijito sehemu kubwa huwa ni kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, potasiamu, bikaboneti, kloridi na salfeti, yaani vitu ambavyo maji yameokota kwenye mawe na udongo yalikopita. Kalamu inaandika ppm, na kwa maji ya kawaida ppm na miligramu kwa lita ni mamoja. Kwa hiyo ndoo yako ya lita 20 ingekuwa na kama gramu 17 za vitu hivyo, tuseme vijiko vya chai vitatu.

Lakini kalamu haikupima uzito wowote. Ina ncha mbili. Inapitisha umeme mdogo katikati, inaona unapita kwa urahisi gani, halafu inazidisha kwa namba iliyowekwa kiwandani na kukuletea ppm. Ni makisio. Kitu kisichobeba chaji hakionekani kwake. Jaribu mwenyewe: koroga sukari kwenye maji ya chupa, kalamu haitashtuka. Tia punje za chumvi, itaruka. Tope haioni. Mafuta haioni. Bakteria wa kipindupindu wanaweza kuogelea katikati ya zile ncha na bado ikaandika namba nzuri. Hata sumu ya kweli kama aseniki, ambayo kikomo chake kwa WHO, Shirika la Afya Duniani, ni mikrogramu 10 kwa lita, ikizidi mara kumi bado ni sehemu moja ya kumi ya miligramu, na kalamu yako inahesabu miligramu nzimanzima.

Fanya na hili. Chemsha maji ya kijito yatokote vizuri, yaache yapoe, pima tena. Namba itabaki karibu palepale, kwa sababu mvuke umeondoka na chumvi imebaki. Namba haijashuka, lakini vijidudu vimekufa. Ndipo utajua kwamba kalamu na usalama wa kunywa ni habari mbili.

Afya Kwanza

Ticha unapotosha umma. Mimi nauza mitambo ya maji, hili ndilo eneo langu. Maji bora ni chini ya 50. Juu ya 500 ni hatari, Marekani walishapiga marufuku.

Ticha wa Nachingwea

Ndugu Afya Kwanza, ile 500 ya Marekani ipo kwenye orodha ya mambo ya ladha, harufu na muonekano. Ni pendekezo, halina adhabu. WHO hawakuweka kikomo cha kiafya kwa TDS kabisa. Walichosema ni kwamba chini ya 600 hivi watu wengi huona maji yana ladha nzuri, na yakizidi 1000 wengi huanza kukunja uso. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa maji ya kunywa ni 700 kwa maji yaliyotibiwa na 1500 kwa maji ya asili yasiyotibiwa. Kwa hesabu hiyo 840 ya kijito imo ndani.

Chujio lako linalofinya maji kwenye utando linashusha namba kweli, sibishi. Linaweza kuwa zuri. Ninachokataa ni kumuuzia mtu kwa kumtisha na kutu ya vyuma vyenu.

Afya Kwanza

Sawa, kunyweni mawe.

Kuchele

😂😂 Kijito cha Lindi si kimepita juu ya mifupa ya mjusi wa Tendaguru? Tunakunywa kalsiamu ya dinosaria, heshima iwepo.

Ticha wa Nachingwea

Kuchele unatania lakini hujakosea sana. Matabaka ya Tendaguru yana sehemu zilizowekwa na bahari, na ukanda huu wa pwani hadi Kilwa una mawe ya chokaa. Maji yakipita kwenye chokaa yanakuwa magumu, sabuni haitoi povu, birika linashika ukoko mweupe. Yanayochujika kwenye mchanga kama ule wa uwanda wa Makonde, ambao mvua imeusafisha miaka na miaka, huwa mepesi zaidi. Kwa hiyo ukipata vijito viwili jirani vyenye namba tofauti kabisa, kabla ya kumlaumu binadamu uliza kwanza vimepita kwenye mwamba gani.

Fundi Pampu

Naongezea la ufundi. Kalamu hizi hazifanani. Kuna zinazozidisha kwa 0.5 na zinazozidisha kwa 0.7. Tulichovya mbili kwenye kisima kimoja huku Masasi, ya mwenzangu 400, yangu 560, nusura tugombane mbele ya mteja. Maji ni yaleyale, upitishaji umeme wake ni maikrosimensi 800 kwa zote mbili. Ndiyo maana mtu wa maji akikutajia TDS ya kalamu bila kukutajia EC, yaani huo upitishaji umeme, muulize kalamu gani.

Namna ya kujua yako: chukua chumvi, ikaushe kwenye kikaango kikavu maana ya kwetu hunywa unyevu, mpelekee sonara akupimie gramu moja. Iyeyushe kwenye lita moja ya maji ya betri. Nasema maji ya betri, yale safi, SIO asidi ya betri, msije mkanitafuta. Kalamu ya 0.5 itaandika karibu 1000. Ya 0.7 itaandika karibu 1400. Ikiandika kitu kingine kabisa, ina kiskurubu au kitufe cha kuirekebisha. Kama haina, mpe mtoto achezee.

Mengine: suuza ncha kwa maji unayotaka kupima kabla ya kusoma. Gongagonga kidogo, povu likinasa kati ya ncha namba inashuka. Usiache maji juani kwenye ndoo. Upitishaji hupanda kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, na namba zote huhesabiwa kwa nyuzi 25. Kalamu nyingi zinajirekebisha zenyewe, ila zipe nafasi zishike joto la maji.

Maji Mafu

Wote mmesema vizuri ila hakuna aliyeuliza la msingi. Mimi ni mtu wa mashamba ya chumvi, namba zenu sizijui sana, lakini maji nayajua. Mleta uzi, ndoo ya yule kijana ilichotwa wapi, saa ngapi, na mwezi ulikuwa na siku ngapi?

Lukuledi pale chini inapumua na bahari. Mwezi mchanga na mwezi mpevu tuna bamvua, maji yakijaa yanapanda mtoni na kurudisha vijito nyuma. Siku za maji mafu hayafiki mbali. Kiangazi mto umekonda, bahari inapanda zaidi. Masika mto unaisukuma nje. Halafu maji ya chumvi ni mazito, yanatambaa chini huku matamu yanapita juu. Ukichota kwa kata juu juu unapata matamu, ukizamisha ndoo mpaka mchangani unaleta mengine kabisa. Bahari yenyewe ina kama gramu 35 kwa lita. Ikichanganyika kidogo tu kwenye kijito, hiyo 840 imeshafika.

Funga chupa kwenye fimbo pamoja na jiwe, kizibo kifunge kamba yake. Izamishe imefungwa, ikifika chini vuta kamba. Pima juu, pima chini. Pima kikijaa, pima kikipwa. Kisha panda na kijito hadi juu ya mahali minazi inapoishia, pima huko.

Mchicha wa Bondeni

Shukrani mzee Maji Mafu. Ndoo ilichotwa mchana, pale chini kwa bustani, maji yalikuwa yanajaa. Mwezi nikihesabu ulikuwa mpevu. Nitafanya ulivyosema.

Bi Mkorosho

Wanangu, hamjambo. Mimi niko Newala. Huku juu zamani maji tuliyateremkia bondeni usiku haujaisha, unarudi na ndoo kichwani jua limepanda. Baadaye mradi wa Makonde ukatusukumia maji kutoka Mitema, nao siku nyingine hutoka na siku nyingine hukauka. Hayo ya kupima tulikuwa hatuyajui, tulijua kuonja.

Swali langu ni salfa. Tunapuliza mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, upepo ukivuma unga unatapakaa hadi kwenye vijito vya mabondeni, unaonekana njano pembeni. Hicho kikalamu kitaiona?

Ticha wa Nachingwea

Shikamoo bibi. Swali zuri kuliko yote humu.

Kikalamu hakitaiona. Unga wa salfa hauyeyuki majini, ndiyo maana unauona umeelea njano. Kisichoyeyuka hakimo kwenye TDS. Lakini ukikaa kwenye udongo, bakteria huubadilisha polepole ukawa asidi na salfeti, na hivyo vinayeyuka. Mvua zikianza vinaweza kuteremka kijitoni. Hapo kalamu itaona namba imepanda bila kujua ni salfeti au ni chumvi ya kawaida. Kwa jambo hilo kipime pia pH, yaani kiwango cha uasidi; namba ikishuka asidi imezidi. Ikishuka mwaka hadi mwaka pale penye mikorosho mingi, hiyo ni habari.

Na mvua za kwanza zina vituko vyake. Kiangazi kizima chumvi na majivu yamekaa juu ya ardhi. Mvua ya kwanza ya Desemba inayaosha yote kwa mkupuo, namba inaruka. Baada ya hapo mto ukijaa kweli namba inashuka sana, kwa sababu maji mengi yamepita juu juu bila kukaa na mawe. Mto unakuwa mwekundu kwa tope huku kalamu inakuandikia namba nzuri kuliko ya Agosti. Mtu asiyejua atasema maji yamesafika.

Mchicha wa Bondeni

Wakuu, nimerudi. Kalamu nimeipeleka kwa sonara kama fundi alivyoagiza, chumvi gramu moja, imesoma 1010. Kwa hiyo ni ya 0.5.

Chemchemi ya juu kabisa: 190.
Kwenye gogo la kuvukia: 230.
Kwa bustani maji yamekupwa: 310 juu, 340 chini.
Kwa bustani bamvua limejaa: 870 juu, na chini imeandika 3100, nikadhani imeharibika, nikarudia, ikaleta hiyohiyo.

Pampu yangu mdomo wake unalala chini mchangani.

Maji Mafu

Ahaa.

Fundi Pampu

Kaka nyanya zako nimeshazijua. Kalamu ya 0.5 ikisoma 870, EC ni kama 1740. Ikisoma 3100 ni zaidi ya 6000.

Kwa kilimo FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wameweka hivi: maji ya chini ya 700 maikrosimensi hayana neno kwa mazao karibu yote, kati ya 700 na 3000 inategemea unalima nini na udongo wako, zaidi ya 3000 ni tatizo kubwa. Maharage yanaanza kupunguza mavuno maji yakipita 700, nyanya zinavumilia hadi kama 1700. Wewe umekuwa ukizipa za tuta la chini maji ya 6000 kila bamvua linapokutana na zamu yako ya kumwagilia. Kingo za majani kuungua ni dalili yake hasa.

Tiba ni ya bure. Mdomo wa pampu uuinue, uufunge kwenye kibuyu au dumu tupu uelee karibu na juu, uwe na kichujio usivute majani. Mwagilia maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua la kiangazi pumzisha au vuta kutoka kwenye gogo. Na hilo tuta la chini ulipe maji matamu mengi mara moja yasukume chumvi ishuke chini ya mizizi, ilimradi kuna pa kutokea, vinginevyo unaipandisha juu tena.

Sheria Msumeno

Kimya kimya nauliza, hiyo bustani iko mita 60 kutoka ukingo? Sheria ya mazingira ya 2004 haijalala. Na kuvuta maji ya mto kwa pampu ya biashara kunahitaji kibali cha bodi ya bonde, ofisi ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini iko Mtwara hapohapo.

Mchicha wa Bondeni

Sheria Msumeno, nimekusoma. Tuta la chini ndilo lililo ndani ya mita 60, nikishavuna silirudii. Kibali nitaulizia.

Mjukuu wa Rondo

Ticha, mimi niko kidato cha sita. Umesema kalamu ni makisio. Kipimo chenyewe kinafanywaje? Tunaweza shuleni?

Ticha wa Nachingwea

Mnaweza kwa sehemu. Maabara wanachuja maji kwa karatasi ya nyuzi za kioo, matundu yake ni maikromita 2 au madogo zaidi. Kilichobaki juu ni yabisi zinazoelea, kilichopita ndicho kinachohesabiwa kuwa kimeyeyuka. Mpaka huo ni makubaliano ya watu tu. Udongo wa mfinyanzi laini sana hupita nao ukahesabiwa. Maji yaliyopita hupimwa ujazo, yanamiminwa kwenye bakuli la kauri lililokwisha kaushwa na kupimwa uzito, yanakaushwa taratibu bila kuchemka na kuruka, kisha bakuli linakaa kwenye oveni ya nyuzi 180. Linapoa ndani ya chombo kikavu kilichofungwa, linapimwa, linarudi ovenini, linapimwa tena mpaka uzito usibadilike. Tofauti ya uzito ukiigawa kwa lita ulizomimina, hiyo ndiyo TDS.

Kwa nini 180 na si 105? Chumvi nyingine hukumbatia maji ndani ya fuwele zake, salfeti ya kalsiamu hasa. Kwenye 105 hayatoki yote, unapima maji ukidhani ni chumvi. Hata hivyo 180 nayo ina gharama yake: bikaboneti inavunjika na karibu nusu ya uzito wake inaondoka kama hewa. Kwa hiyo maji ya chokaa yakipimwa kwa kukaushwa huonekana na kidogo kuliko ukijumlisha ayoni mojamoja. Hakuna namba takatifu hapa.

Tatizo la shule ni mizani. Ukikausha mililita 100 za maji ya 300 unabaki na miligramu 30. Mizani ya shule inayosoma sehemu moja ya mia ya gramu inaruka kwa miligramu 10, yaani theluthi nzima ya unachotafuta. Mtasema basi tukaushe lita moja. Ukipata zaidi ya miligramu 200 ukoko unafunga juu na kufungia maji ndani, haukauki sawasawa. Lita moja ya chemchemi ile ya 190 ingewafaa kidogo. Fanyeni, mlinganishe na kalamu, mgawe TDS ya mizani kwa EC. Mtapata namba ya kijito chenu wenyewe; kwa maji mengi huangukia kati ya 0.55 na 0.7. Hiyo ni bora kuliko ya kiwandani.

Mjukuu wa Rondo

Oveni yetu ya shule haifiki 180, lakini tutajaribu na kuandika kuwa ilikuwa 105.

Ticha wa Nachingwea

Hivyo hivyo. Anayesoma ajue.

Bi Mkorosho

Sasa wa Mingoyo, hao wanaokunywa mmewaambiaje?

Mchicha wa Bondeni

Bibi, mwenyekiti amesimamisha mchango wa machujio. Tumekubaliana wachote kwenye gogo na si kwa bustani, na wachemshe kwa sababu ng'ombe wanavuka hapo juu. Pia tunataka kupeleka sampuli maabara ya maji Mtwara. Tuombe vipimo gani?

Ticha wa Nachingwea

Cha kwanza bakteria wa kinyesi, E. coli. Kwa kijito wanachovuka ng'ombe, hicho ndicho kinachoamua. Halafu tope, pH, EC, kloridi na naitreti. Pesa ikibaki, floraidi. Chupa ya bakteria usitumie ya soda, chukua kwao iliyotakaswa, usiguse mdomo wake, iwekwe kwenye barafu na ifike siku hiyohiyo.

Fundi Pampu

Alhamisi natoka Lindi kwenda Mtwara na gari alfajiri, nina kasha la barafu. Chupa nakuletea Jumatano jioni hapo Mnazi Mmoja. Chota kabla jua halijatoka, nitapiga honi.

Mchicha wa Bondeni

Nitakuwa barabarani. Nyanya za tuta la juu nakuwekea.

Kuchele

Za tuta la chini mpeni Afya Kwanza, zina chumvi yake tayari.